Machela na Sanda

Kabla lami haijafika Mbarara, mgonjwa aliyezidiwa katika vilima vya Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, alisafiri mabegani mwa majirani zake. Chombo chenyewe kiliitwa engozi: machela ndefu iliyosukwa kwa fito na kamba za mimea, ikafungwa kwenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne waliingia chini yake, wawili mbele na wawili nyuma, na kundi jingine likafuata likisubiri zamu, kwa sababu kupandisha mtu kilimani si kazi ya mabega ya watu wanne. Mgonjwa akipona, alirudi nyumbani kwa miguu yake. Akifa, alirudishwa kwa machela ileile, na waliombeba akiwa hai ndio waliomchimbia kaburi.

Anayekwenda Mbarara kutafuta nyumba ya mazishi ya ukoo, yenye jina la babu juu ya mlango na mjukuu mezani, atapita kando ya urithi wenyewe bila kuutambua. London wako Leverton & Sons, familia inayozika watu tangu 1789 na ambayo tangu 1991 imekabidhiwa mazishi ya kifalme ya Uingereza. Ankole, kinachorithiwa ni nafasi ya nyumba katika chama cha kuzikana. Mwenye nyumba akifariki, mwanawe hurithi shamba la ndizi, na pamoja nalo zamu ya baba yake chini ya machela na deni la baba kwa wote waliowahi kuja kuzika kwao.

Vyama hivyo huitwa vya engozi, kwa jina la chombo, au bataka twezikye, yaani wenyeji wanaozikana. Mwanachama ni nyumba nzima, na mtu mmoja akiwa na udhuru, mwingine wa nyumba hiyo hushika nafasi yake. Kuna mwenyekiti, mweka hazina na mwandishi mwenye daftari. Msiba ukitokea, kila nyumba hutoa kiasi kilichokubaliwa cha pesa, hupeleka ndizi, maharagwe au mzigo wa kuni, na hutoa mtu wa kuchimba au kupika. Asiyefika bila sababu hutozwa faini. Akirudia mara nyingi hufutwa, na hiyo ndiyo adhabu inayoogopwa, maana siku ya kwake atabaki na maiti sebuleni na majembe ya watoto wake peke yao. Mali ya chama ni ya pamoja: masufuria makubwa, turubai, viti, sururu, chepe, na machela yenyewe ikihifadhiwa kwa mmoja wao.

Barabara zilipofika, pikipiki na pikapu zilichukua kazi ya mabega, lakini vyama havikufa. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, ya Kanisa la Uganda, wilayani Rukungiri, ilianzisha bima ya afya ya jamii, ikaijenga juu ya vyama hivihivi vya engozi. Ulikuwa uamuzi wa busara kubwa. Wataalamu wengi wa bima wamehangaika kuwashawishi wanakijiji walipie ugonjwa ambao haujaja. Hapa walikuwapo watu waliozoea kuchangia kabla ya shida, waliojua nani mkweli na nani mkwepaji, na ambao daftari lao lilikuwa tayari limeandikwa.

Ng'ambo ya mto Kagera, unaoitenganisha wilaya ya Isingiro na Tanzania, mambo hayako mbali. Katika kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, chenye kaya 119 wakati wa utafiti, wachumi Joachim De Weerdt, Stefan Dercon na wenzao walivichunguza vyama vya kuzikana na kuvilinganisha na iddir, vyama vya mazishi vya Ethiopia. Walikuta kanuni zinazoeleweka, uanachama unaojulikana, na malipo ya pesa, chakula na nguvu za mikono, katika nchi mbili ambazo wanakijiji wake hawajawahi kuonana. Waethiopia wanaoishi leo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wametoka katika nchi ya iddir, na kwao jirani Mnyankole anayeshika daftari la msiba hana ugeni wowote.

Kuzika kama kazi ya kurithiana kulikuwapo pia katika nyumba za watawala. John Roscoe, mmisionari aliyeandika kitabu The Banyankole mwaka 1923, alieleza jinsi mwili wa mfalme wa Ankole, Omugabe, ulivyofungwa katika ngozi ya ng'ombe na kupelekwa katika msitu mtakatifu wa Ensanzi. Huko walikuwapo wahudumu ambao kazi yao ilikuwa kuutunza mwili huo hadi, kwa imani ya wakati ule, mfalme atoke tena akiwa mtoto wa simba, anyweshwe maziwa na kuachiwa msituni. Desturi hiyo ilikoma pamoja na dini iliyoibeba. Wafalme wawili wa mwisho, Kahaya wa Pili aliyefariki mwaka 1944 na Gasyonga wa Pili aliyefariki mwaka 1982, wamelala Nkokonjeru, Kakiika, pembezoni mwa Mbarara. Ufalme wao ulifutwa mwaka 1967, na wakati falme nyingine za Uganda ziliporudishwa mwaka 1993, wa Ankole haukurudi. Hivyo Nkokonjeru ni makaburi ya kifalme yasiyo na mfalme wa kuyasimamia, na inasikitisha kwamba wageni wengi hupita Mbarara kwenda kuangalia pundamilia wa Ziwa Mburo bila kuambiwa kwamba yapo.

Kwa Waganda, majirani wa mashariki, ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi ya kutengeneza nguo ya gome, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikivalishwa wafalme na kufungiwa wafu. Mkuu wa kazi hiyo ana cheo cha kurithi, Kaboggoza. Gome la mti wa mutuba huchunwa wakati wa mvua, hugongwa kwa nyundo za mbao ndani ya banda lililo wazi hadi liwe laini na pana, na shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Mti mmoja huvunwa miaka mingi, na mwana huchuna mti uliopandwa na baba. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Ukoo wa Ngonge ndio ulio karibu zaidi, katika Uganda, na ile picha ya familia yenye biashara ya mazishi kizazi hadi kizazi.

Kwa watu wa kawaida wa Ankole, sheria ya msiba ilikuwa kali kuliko mkataba wowote. Mwanamume aliombolezewa siku nne, mwanamke siku tatu. Ndugu na majirani walilala msibani siku zote hizo, na hakuna aliyeshika jembe. Iliaminika kwamba anayelima wakati wa maombolezo atakiletea kijiji kizima mvua ya mawe, na aliyethubutu alishukiwa uchawi. Ukitazama vizuri, utaona sheria hiyo ilivyofanya kazi: ilizuia shamba lisimwite mtu. Kila mkono ulikuwa huru kuchimba, kuchota maji, kupika na kukaa na wafiwa.

Ugonjwa uliokuja kuitikisa sheria hiyo ulitambuliwa kwanza nchini Uganda mahali pa jirani kabisa. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, mwalo wa wavuvi uliokuwa wilayani Rakai, inayopakana na Isingiro, walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa walioubatiza slim. Ulikuwa UKIMWI. Kijiji chenye msiba kila wiki hakiwezi kukaa siku nne bila kulima. Kikifanya hivyo kitakufa njaa. Siku za matanga zikafupishwa, watu wakazika asubuhi na kurudi shambani mchana. Miaka hiyo ndiyo vyama vya kuzikana vilipozidi kuongezeka kusini na magharibi mwa Uganda, kwa kuwa hakuna ukoo ulioweza kubeba wafu wote hao peke yake.

Mto Rwizi hupita Mbarara na kuendelea mashariki hadi maziwa ya Mburo na Nakivale. Kandokando ya ziwa hilo la pili, kama kilomita 60 kutoka mjini, ndipo walipofikia Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia mwaka 1959, na makazi ya Nakivale yakatambuliwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana zaidi ya watu 150,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, waliogawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Sokoni, kliniki na kanisani, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Wanyarwanda wa mwanzo walikaa miaka zaidi ya 30. Walizika wazazi, wakazika na watoto. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengine waliokuwa wamehamia vijiji vya Ankole walifukuzwa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakasukumwa kwenye makazi kama Nakivale. Mwaka 1994 waasi wa RPF waliposhika Kigali, wengi walifunga mizigo wakarudi. Ng'ombe walikwenda nao. Makaburi yalibaki, na juu ya ardhi hiyo wakaja Wakongomani waliokimbia vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata, Wasomali, kisha Warundi wa mwaka 2015.

Swali la kwanza katika msiba wowote ni nani atakayemhudumia maiti. Nyumbani, Fizi, Rutshuru au Bujumbura, jibu lilijulikana hata kabla ya kifo: shangazi fulani ndiye anayeosha, fundi fulani ndiye wa sanduku, mjomba fulani ndiye atakayesema mbele ya kaburi. Kujua huko kulijengwa kwa vizazi vitatu au vinne, na vita hukuvunja kwa usiku mmoja. Mtu huweza kukimbia na sufuria na godoro. Hakimbii na shangazi wote, wala na fundi, wala na kaburi la babu linaloonyesha marehemu alazwe wapi.

Kwa hiyo Nakivale imebidi jibu litengenezwe upya. Habari ya kifo hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa baraza la wakimbizi linalojulikana kwa herufi RWC1, kisha kwa mchungaji, padri au shehe. Jirani hupita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango: unga, maharagwe, mkaa, shilingi zilizopatikana. Wanawake huhamia jikoni kwa wafiwa. Vijana huenda kuchimba. Mkongomani huita kilio au matanga, Mnyarwanda huita ikiriyo, na kila mmoja ana desturi yake ya kukifunga, lakini mawasiliano ya kupanga kazi hufanyika kwa Kiswahili. Mtu anayezikwa na watu wa makabila matano amepata ukoo ambao hakuzaliwa nao, na watoto wanaotazama wanajifunza kwamba hivi ndivyo kuzika kulivyo.

Mchango huo si mwepesi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada kwa makundi kulingana na hali ya kila kaya, na kaya zilizohesabiwa kuwa zinajiweza ziliondolewa kwenye mgao. Kikombe cha maharagwe anachopeleka jirani msibani ni sehemu ya chakula cha nyumba yake mwenyewe. Mipango ya misaada huhesabu magunia yanayoingia. Yanayotoka mlango wa jirani kwenda kwa jirani hayamo katika hesabu yoyote, na hayo ndiyo yanayoendesha mazishi.

Sanduku hutengenezwa na seremala wa hapohapo, yuleyule wa vitanda na milango. Hupewa kipimo kwa kamba au kijiti, hukata mbao, hugonga misumari, hupaka vanishi kama pesa inaruhusu na kama muda upo, kwa kuwa joto haliwasubiri walio mbali na mochwari. Mwanawe hushika ubao upande wa pili. Ghana, katika mji wa Teshie karibu na Accra, ufundi kama huu uligeuka fahari ya ukoo: karakana ya Seth Kane Kwei, aliyetengeneza majeneza ya umbo la samaki na tunda la kakao na kazi zake kuonyeshwa Paris mwaka 1989, ilipita kwa wanawe alipofariki mwaka 1992 na baadaye ikaongozwa na mjukuu wake, Eric Adjetey Anang. Seremala wa Nakivale hana wateja wa kumwagiza samaki. Ana mkono wa baba yake, na ndio anaompa mwanawe.

Upande wa Waislamu, kazi iliyohifadhiwa kwa uangalifu zaidi ni ya kuosha na kukafini. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, ila mume na mke wanaweza kuoshana. Mwili hufunikwa muda wote. Mkono wa mwoshaji hupita chini ya kitambaa. Huanza na viungo vya udhu, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu au zaidi kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Hukatwa kwa kupimwa urefu wa mwili na kuongezwa kidogo kichwani na miguuni, na vitambaa vyembamba huchanwa kutoka pindo la nguo hiyohiyo ili kufungia. Vifundo hufunguliwa maiti akishalazwa kaburini.

Haya hayajifunzwi kwa kitabu peke yake. Binti hushika birika wakati mama yake anaosha, mwaka mwingine hupewa kitambaa, na siku moja mama hukaa pembeni. Waswahili wa pwani husema mwosha huoshwa, na kwa wanawake wa Base Camp waliotoka Mogadishu au Kismayu mambo ni hayohayo: anayeosha leo anamfundisha atakayemwosha yeye.

Kitu kimoja kilibadilika, nacho ni mwelekeo. Kutoka Mogadishu, kibla ki kaskazini na kuegemea kidogo magharibi. Kutoka Nakivale ki kaskazini na kuegemea kidogo mashariki. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akitazama Makka, hivyo kaburi la Nakivale huchimbwa kichwa kikielekea upande wa mashariki na miguu magharibi, likipinda kwa upande tofauti na lilivyopinda la nyumbani. Wachimbaji waliofika kutoka Somalia ilibidi wajifunze pembe mpya, na vijana waliozaliwa hapa hawaijui nyingine.

Mbarara ndiko mambo yanapokuwa magumu. Mgonjwa aliyeshindikana katika vituo vya afya vya Nakivale hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Akifia huko, familia ina maiti mochwari na safari ya kilomita 60 mbele yake. Mjini, mazishi ni biashara kama ilivyo kwingineko Uganda: Kampala kuna kampuni kama Uganda Funeral Services na A-Plus Funeral Management, na huduma za gari, dawa ya kuhifadhi mwili, mahema na chombo cha kushushia jeneza zimekuwa jambo la kawaida kwa wenye uwezo. Familia ya mkimbizi haina uwezo huo. Hapo ndipo simu hupigwa kijijini, na mchango ambao ungenunua mbao hugeuka nauli ya marehemu. Chama cha engozi kilianzishwa kwa tatizo hilihili la umbali kati ya nyumba na hospitali. Tofauti ni kwamba kilomita 60 hazibebeki mabegani.

Lipo pia suala la ardhi, na hilo ndilo zito kuliko yote. Mnyankole huzikwa kwenye shamba lake, kwenye migomba, na zamani mfugaji alizikwa karibu na zizi la ng'ombe wake. Kaburi humfunga mtoto na ardhi. Hata hati ya kiwanja ikipotea, kaburi la babu linashuhudia. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na, ikipatikana, sehemu ya kulima. Kwa mujibu wa Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010, anaweza kuitumia ardhi hiyo lakini hawezi kuiuza wala kuikodisha. Viwanja vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka, na kuzika nyuma ya nyumba ambayo kesho inaweza kupewa mtu mwingine ni jambo linalowanyima wazazi usingizi. Makaburi ya pamoja ndiyo suluhisho lililopo, nayo yanahitaji mipaka, ramani na daftari la majina linalotunzwa na mtu anayejulikana. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na visima na madarasa, na makazi yaliyokwishazidi miaka 60 hayawezi kuendelea kupangwa kana kwamba watu wake hawatakufa humo.

Wanaoondoka wanaliona hilo vizuri zaidi. Familia iliyokubaliwa kwenda Kanada au Australia huuza kuku, hugawa masufuria, huaga kanisani. Kaburi la mtoto haligawiki. Hukabidhiwa jirani, mara nyingi jirani wa kabila jingine, kwa maneno machache mbele ya mashahidi. Baada ya mwaka mmoja au miwili pesa huanza kuja kwa simu: mfuko wa saruji, malipo ya fundi, kitu kidogo cha kumshukuru anayepalilia. Picha ya kaburi lililosakafiwa hurudishwa kwa simu ileile. Na jirani naye akiondoka, hulikabidhi kaburi hilo pamoja na la kwake kwa mtu wa nyumba ya tatu, akimtajia jina la marehemu, jina la baba yake na namba ya ndugu aliyeko ng'ambo.